Ndizi Aliyoimenya Mwenyewe

Vuta kigoda, mwanangu, wewe uliye na mgonjwa nyumbani. Nimesikia shangazi yako amekutwa na saratani, na kwamba mambo yake mnayazungumzia uani ili asisikie. Kaa nikueleze kitu. Nakumbuka asubuhi moja pale Igogo, kando ya ziwa, miaka ile ya Ujamaa, mama mkwe wangu aliponusa bakuli la uji nililomletea, akanitazama toka miguuni hadi kichwani, kisha akasema, "Onja wewe kwanza."

Nilikuwa binti wa Kisukuma kutoka Misungwi, nimeolewa juzijuzi na Mhaya aliyefanya kazi reli. Mama yake alikuwa amevuka ziwa kwa meli kutoka Bukoba, kuja kutibiwa uvimbe wa titi. Hospitali walimpasua, wakamwanzishia dawa kali. Akatakiwa kurudi baada ya muda kwa awamu ya pili, ila kwa sharti moja: awe na nguvu. Akiendelea kukonda, dawa hawatampa, kwa maana ingemlemea. Kwa hiyo uhai wake, mwanangu, ulikuwa kwenye lile bakuli.

Kuniambia nionje hakukuwa tusi. Kwao, kama kwa wengi wetu, aletaye kinywaji hupiga funda la kwanza mbele ya mnywaji, ili moyo wa mnywaji utulie. Nikaonja. Ulikuwa uji mzuri wa ulezi, wenye sukari niliyoipangia foleni duka la ushirika. Nikampa. Akapiga funda moja, akatema.

"Shubiri," alisema. "Na wewe umekunywa bila hata kukunja uso. Kinga yake unayo."

Umeona? Kule kuonja ambako kungenisafisha ndiko kulikonitia hatiani.

Nilidhani ni unga. Siku zile tuligawiwa unga wa yanga, ule wa mahindi ya njano, na hakuna aliyeuamini. Lakini ulezi haukuwa yanga. Nikapika ndizi. Shubiri. Nikapika sato aliyetoka ziwani asubuhi ileile. Akasema ananuka chuma. Nikachemsha michembe, viazi vitamu vya kukausha vya kwetu, na hapo ndipo nilipoharibu kabisa, maana alivigeuzageuza vile vipande akauliza, "Hii ni mizizi ya nini?"

Siku moja nilimkuta dirishani akimrushia chakula changu kuku wa jirani, anamtazama. Kuku akala, akajikung'uta, akaenda zake.

"Mama, si umeona hajafa?" nilimwambia.

"Kuku ana mwana gani wa kunyang'anywa?" akanijibu.

Nami nikaanza kumshuku. Nikajiambia, mama huyu anaigiza. Anataka nichoke niondoke, mwanawe aoe Mhaya mwenzake. Shuku ni kama moshi wa kuni mbichi, haumwachi mtu ndani ya nyumba. Kila mmoja wetu alikuwa akitokwa machozi, na kila mmoja alidhani mwenzake ndiye aliyewasha.

Sasa jiweke mahali pake. Kila jioni mume wangu aliniita nyuma ya nyumba na kuniuliza kwa sauti ya chini, "Amekula? Usimwambie kitu." Jina la ugonjwa alikuwa hajamwambia mama yake, aliogopa litamwua kabla ya ugonjwa wenyewe. Tukiingia ndani, tunanyamaza. Kikombe chake nilikuwa nimekitenga, kwa sababu jirani aliniambia ugonjwa ule huambukiza. Mama yule aliona minong'ono, akaona kikombe pembeni, akaona nyama zake zinapukutika, na kila anacholetewa ni kichungu. Ningekuwa yeye, mwanangu, nami ningeshuku.

Ndipo mdogo wake mama mkwe alipokuja kwa meli, akiwa na mkungu wa ndizi mbivu kutoka shambani kwa dada yake. Tulimwita mama mdogo. Alipoona hali, alivua viatu akaingia jikoni mwenyewe. Nilisimama mlangoni nikiomba, Mungu anisamehe, chakula chake nacho kiwe kichungu. Kikiwa kitamu, mimi nimekwisha.

Mama akaonja. Akaweka chini. Akamgeukia mdogo wake.

"Na wewe? Wamekupa nini?"

"Wamenipa nini? Nimepewa kichefuchefu na meli tu," mama mdogo alijibu. "Dada, unanishuku mimi niliyekua nikivaa magauni uliyoyaacha?"

Mama hakucheka. Mama mdogo akainuka, akakata ndizi moja kwenye mkungu, akamwekea mapajani.

"Hii imekomaa kwenye mgomba wako. Hakuna aliyeifungua. Menya kwa mkono wako."

Akaichunguza pande zote, hata kikonyo. Akaimenya, akauma, akatafuna polepole. Macho yakamjaa machozi.

"Chungu," alisema.

"Basi, dada, ama wameuloga mgomba mzima, ama uchungu umo mdomoni mwako."

Mume wangu alikuwa ameketi karibu na mlango, kichwa chini. Akasema kama mtu anayejisemea, "Daktari alisema. Alisema dawa zitamharibia ladha."

Mama mdogo akamgeukia. "Alisema lini?"

"Siku tulipotoka hospitali."

"Ukanyamaza?"

"Ningetajaje dawa bila kutaja ugonjwa?"

"Ugonjwa gani, Kamugisha?" mama akauliza.

Akautaja. Saratani. Sote tulingoja aanguke. Mama akafuta machozi kwa ncha ya kitenge.

"Nimekatwa titi zima, mwanangu. Ulidhani nadhani ni jipu?"

Mimi nilitoka. Nilikwenda kufunga vitu vyangu kwenye kanga, kwa maana neno alilokuwa akinishuku nalo lilikuwa limenichoma. Mama mdogo akanifuata.

"Kabula, unafunga mzigo leo, siku ambayo sumu imepatikana?"

"Aliniona mchawi, mama mdogo."

"Alikuona hivyo kwa ulimi unaoumwa. Na wewe ulipomtengea kikombe, ulimwona nani?"

Nikaifungua ile kanga.

Safari iliyofuata ya hospitali tulikwenda wote, na mama akauliza mwenyewe. Muuguzi akamweleza bila kuzunguka: ugonjwa huu hauambukizi kwa kikombe wala kwa kugusana. Dawa zinaweza kubadili ladha. Ale kidogokidogo mara nyingi. Chakula cha moto humsumbua mtu kama huyu kuliko kilichopoa. Asukutue kinywa kwa maji yenye chumvi kidogo kabla ya kula. Chakula kikinuka chuma, atumie kijiko cha mti. Tulivijaribu kimoja kimoja. Kilichomkubali kilikuwa maziwa ya mgando, baridi, ya Kisukuma kabisa! Akanenepa kiasi, akapewa awamu ya pili.

Sikudanganyi, ugonjwa ulirudi baadaye, na ukamchukua. Lakini alikuwa amerudi Bukoba kwa hiari yake, amegawa mashamba yake kwa mdomo wake, na hakumshuku tena mtu yeyote.

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Wengi hudhani methali hiyo ni ya mgonjwa. Mimi nimejifunza ni yetu pia, sisi tunaomficha mgonjwa maradhi yake. Ukimnyima habari, atajitungia, na za kujitungia daima ni mbaya kuliko za kweli. Akikataa chakula, usikasirike. Muulize kina ladha gani, kisha uwaeleze wauguzi. Homa ikimpata akiwa kwenye dawa, usingoje kuche, mpeleke. Na wewe unayeuguza, tafuta wa kukupokea siku moja moja, maana mikono iliyochoka hushuku upesi na hukasirika upesi.

Mungu akupe subira, mwanangu, ampe shangazi yako usingizi usio na maumivu, na nyumba yenu iwe na sauti za kawaida. Sasa inuka. Nenda ukaketi karibu naye, umuulize, "Shangazi, ungependa kujua nini kuhusu ugonjwa wako?" Kisha nyamaza, umsikilize.