Fundi Baridi na Mashine Asizozigusa

Hiki ninachokiandika hamtakiamini, na sitawalaumu. Hata mimi niliposimuliwa mara ya kwanza nilimwambia msimuliaji akanawe uso kwanza, ndipo tuzungumze. Ni habari ya fundi wa mafriji aliyetengeneza feni iliyoko ng'ambo, nchi ambayo hata jina lake hakuwa analijua, bila kunyanyuka kwenye kigoda chake. Hakutumia dawa wala kombe la mganga. Alitumia sikio. Na feni hiyohiyo ndiyo iliyomponza.

Fundi mwenyewe ni mpwa wangu, mtoto wa dada yangu. Mtaani wanamwita Baridi, na jina alilopewa na wazazi limebaki kwenye kitambulisho tu, halitoki nje. Kibanda chake kimebanana na cha kinyozi, ukuta mmoja, kiasi kwamba mashine ya kunyolea ikiwashwa huku, bisibisi zinatetemeka kule. Mlangoni mafriji yamepangwa yakiwa yamefunguliwa milango, kama wagonjwa wanaosubiri kutazamwa koo.

Kipaji chake ni kiganja. Akiletewa friji bovu hakimbilii vifaa. Anaweka mkono juu ya kompresa, anaangalia dari. Kisha anatoa hukumu. "Gesi ipo, wamekudanganya. Hii ni thamostati." Mtaa mzima ulikuwa haununui friji la mtumba mpaka Baridi aitwe aguse. Akigusa akakubali kwa kichwa, mtu anatoa hela. Akigusa akajikuna shingo, mtu anaondoka hata kuaga haagi. Kiganja hicho nilimfundisha mimi, ingawa yeye hudai nilimfundisha kushika tochi tu, na nayo nilikuwa namulika pembeni.

Sasa, Baridi ana dada yake mkubwa. Dada huyu alikuwa akiuza barafu, maji ya baridi na juisi hapo barazani kwake, na kazi yote ilisimama juu ya friza moja refu, jeupe, lenye mkwaruzo ubavuni. Friza hilo Baridi alilifufua kwa mikono yake kutoka kwenye vyuma chakavu. Alitia kompresa nyingine, akabadilisha mpira wa mlango, kishikio akakichonga kwa mbao. Dada alikuwa akisema, "Mume wangu wa kwanza alikuwa ananguruma bila faida. Huyu wa pili akinguruma, tunakula." Kwa kweli walikuwa wanakula. Kodi ya nyumba ilitoka humo, na viatu vya watoto pia.

Kinyozi ndiye aliyeanza. Alikuja siku moja na simu mkononi, amejaa tele.

"Baridi, bado unahangaika na mafriji ya watu? Mwenzako nachimba."

"Unachimba nini na mikono hiyo laini kama ya bibi harusi?"

"Sarafu. Za mtandaoni. Mashine ziko mbali huko, mimi nimekodi kipande."

"Kipande kipi? Cha mlango?"

"Cheka tu. Utakuja kunipigia magoti."

Akamweleza. Kuna mashine, alisema, zimejazwa kwenye maghala mahali umeme ulipo rahisi. Kutwa kucha zinafanya hesabu ngumu, na zikipatia zinapewa sarafu. Wewe huna haja ya kununua mashine wala kuiona. Unakodi sehemu ya nguvu yake, wao wanakata gharama ya umeme na matunzo, kinachobaki ni chako. Wenyewe wanaita kuchimba mawinguni. Baridi alicheka mpaka koleo likamponyoka. Watu wazima na akili zao, kuchimba mawinguni!

Lakini neno moja lilimganda: mashine. Mtu wa mashine ukimtajia mashine umemshika sikio.

"Ngoja kwanza," alisema. "Mashine ikifanya kazi inatoa joto. Hizo nyingi hivyo, kwenye ghala moja, zinapoozwa na nini?"

Kinyozi hakujua. Akamwingiza Baridi kwenye kundi lao la simu, Baridi akauliza mwenyewe. Aliyejibu alikuwa mtu anayejiita Msimamizi, sauti yake tamu, laini, ya mtu aliyelala vizuri. Akaeleza hewa baridi inaingilia wapi, hewa ya moto inatokea wapi, vumbi wanalizuia kwa vichujio gani. Baridi alisikiliza kwa kutafuta kosa, asilione. Hapo ndipo alipoanza kulegea.

Kisha wakaleta video. Ghala refu, rafu hadi darini, taa ndogo za kijani zinakonyeza, na mngurumo wa feni kama mvua juu ya mabati. Wengine waliangalia taa. Baridi alifumba macho. Akairudia. Akaandika kwenye kundi: "Feni ya tatu upande wa kulia, beringi yake imekufa. Ibadilisheni kabla haijafunga."

Kesho yake Msimamizi akatuma picha ya feni mpya, inang'aa, na maneno haya: "Tumebadilisha. Asante sana Fundi wetu. Kumbe tuna mtaalamu ndani ya nyumba!"

Jamani. Mtu hasifiwi hivyo akabaki na miguu chini. Baridi alikodi kipande chake siku hiyohiyo, kisha akazunguka mtaa mzima na ile picha. Akiingia kununua sabuni anaionyesha. Akienda msibani anaionyesha. Kinyozi akawa anawatangazia wateja akiwa amewashika vichwa, hawana pa kukimbilia: "Mashine zenyewe Baridi amezikagua." Wanauliza, "Amezigusa?" Anajibu, "Amezisikiliza." Na mtaa uliozoea kile kiganja ukaona sikio ni ndugu yake, halina tofauti.

Mtu mmoja tu hakubabaika na feni. Dada.

"Nimeelewa, mdogo wangu, zipo na zinanguruma," alisema akifunga mifuko ya barafu. "Ni za nani?"

"Za kampuni, dada."

"Kampuni ina mlango? Pesa yangu ikiugua nikamgongee nani?"

"Dada, hao watu niliwaambia beringi, wakabadilisha kesho yake! Mwizi anabadilisha beringi?"

"Na huyo kinyozi ameshatoa pesa akazishika?"

"Ametoa. Amenunua mashine mpya ya kunyolea."

Hilo lilikuwa kweli, kidogo alichoweka walimrudishia na kaongezeko. Baridi akarudi kesho yake, na keshokutwa. Akamwambia friza linachakaa, umeme unapanda, mgongo wake unauma kwa kuinama humo. Akamwambia aliuze, pesa aziweke kwenye mashine zisizochoka, baadaye anunue mawili. Mwisho dada akasema, "Mimi sijui mambo ya huko mawinguni. Nakujua wewe. Ukisema zima, ni zima." Akaanza kutafuta mnunuzi.

Alhamisi moja Msimamizi akatangaza kwenye kundi kwamba wanahamia ghala kubwa zaidi. Mashine zote zitazimwa mpaka Ijumaa jioni, wanachama wasiwe na hofu. Baridi hakuwa na hofu. Alasiri, akiwa anangoja gesi ijae kwenye friji la mteja, akafungua hesabu yake kwenye simu. Sarafu zilikuwa zimeongezeka. Akafikiri ni za jana. Akanywa maji, akafungua tena. Zimeongezeka tena, kwa kipimo kilekile cha kila siku, taratibu, bila kuteleza.

Akaweka simu juu ya friji, akaitazama kama mtu anayemtazama mbwa asiyemfahamu.

Mashine zimezimwa. Sasa hizi zinachimbwa na nini? Mteja akikwambia friji lake limechomolewa tangu asubuhi na barafu inazidi kuganda, wewe fundi utamwambiaje? Utamwambia hilo si friji, au huyo si mteja. Baridi alilijua jibu hapohapo, mgongoni akaingiwa na baridi kupita jina lake. Ile namba haikuwa imefungwa kwenye mashine yoyote. Mtu fulani alikuwa anaiandika tu.

Alimuuliza Msimamizi. Akajibiwa kwa sauti ileile tamu: "Fundi wetu! Hesabu inakwenda kwa wastani." Wastani! Neno ambalo mteja akilileta kibandani pale anafukuzwa nalo. Lakini siku hiyo Baridi alilipokea, akalikunja, akaliweka mfukoni. Huenda wana jenereta, alijiambia. Huenda ghala la pili lilikuwa tayari linafanya kazi. Tayari alikuwa ameonyesha ile picha msibani, mtu ataanzia wapi?

Alikwenda hata hivyo, kwa haki lazima niseme alikwenda. Alimkuta dada barazani ameliondolea friza barafu, analifuta kwa kitambaa na sabuni, mpaka ule mkwaruzo ubavuni unaufuta kama utatoka.

"Mnunuzi anakuja Jumamosi," dada akasema. "Mbona umesimama kama umeme umekatika?"

"Nimepita tu."

"Basi pita uketi. Au una neno?"

"Sina."

Akakaa kidogo, akanywa juisi ya mwisho iliyotoka kwenye lile friza, akaenda zake.

Jumamosi mnunuzi akaja na mkokoteni. Akalizunguka friza, akalifungua, akalifunga, kisha akamgeukia Baridi na swali la mtaa mzima: "Umeligusa?"

"Ni zima," Baridi akasema. "Nililitengeneza mwenyewe."

Na lilikuwa zima kweli. Akainama akashika upande wa chini, ule mzito, wakalipandisha. Dada alisimama mlangoni na kile kitambaa mkononi. Jioni yake pesa zikaenda mawinguni.

Yaliyofuata mnayajua hata bila mimi. Hesabu ya dada ilinenepa vizuri kwenye simu. Kodi ya nyumba ilipofika akataka kutoa kidogo. Akaambiwa alipe kwanza ada ya kutolea. Alipolipa, akaambiwa kuna ada ya kuhakiki ile ada. Kisha kundi likafungwa. Msimamizi akapotea na sauti yake. Kinyozi akaapa kwa mashine yake mpya kwamba yeye pia ameliwa, akawa hata kunyoa ananyoa kwa hasira, watu wakahamia kwa kinyozi mwingine.

Baadaye ilikuja kufahamika kwamba lile ghala lipo kweli, ni la watu wengine kabisa, wala hawana habari na Msimamizi. Pengine kulikuwa na kibarua humo anayewapigia video kwa posho. Na huenda ile feni ilibadilishwa kweli. Hilo ndilo linalomuuma Baridi. Sikio lake halikukosea. Beringi ilikuwa imekufa kama alivyosema. Alikagua vizuri kitu kisichokuwa na uhusiano wowote na pesa ya dada yake.

Siku hizi ukimuuliza juu ya biashara hiyo hakupi hotuba. Anasema wa kweli huenda wapo, lakini hata hao umeme unakula kwanza, hesabu zinazidi kuwa ngumu kila msimu, bei ya sarafu ikianguka mkataba unaisha pesa yako haijarudi. Tena anauliza: mwenye mashine inayotapika sarafu, shida gani imemfikisha kwa kinyozi? Mimi niliyasema yote hayo tangu mwanzo, ila nilikuwa nimeyasema moyoni.

Lakini si hayo yaliyomkondesha. Kilichomkondesha ni neno moja la dada. Hakumlaumu hata siku moja. Alinunua boksi la kutunzia barafu, akawa anachukua barafu kwa wenzake na kuiuza kwa faida ya kulamba kidole, na kila mtu akimgusia habari ile anasema, "Mimi na mdogo wangu tulidanganywa wote." Wote! Baridi akilisikia anatafuta bisibisi iliyo mkononi mwake. Kwa sababu dada alidanganywa. Yeye tangu Alhamisi alikuwa anajua.

Alikaa nalo mpaka likamshinda. Asubuhi moja akafunga kibanda, akaenda barazani, akamkuta dada anafunga mifuko ya maji. Akamweleza habari ya namba iliyopanda mashine zikiwa zimezimwa, na neno wastani, na juisi aliyokunywa akaondoka. Hakuacha kitu.

Dada akainuka! Macho yamemtoka kama taa za lori! Akalinyanyua boksi la barafu kwa mkono mmoja, akalirusha likapita juu ya paa, barafu ikanyesha mtaa mzima, watu wakatoka na vikombe kukinga, na mimi niliyekuwa pale nikamkamata mikono yote miwili nikamwambia, mwanangu, damu ni—

"Mjomba, futa hapo." Ni Baridi, amekuja kusimama nyuma yangu na waya mkononi, anasoma juu ya bega langu. "Wewe hukuwepo. Wala hakurusha kitu."

"Hadithi lazima iwe na chumvi, mpwa wangu."

"Aliniuliza tu, 'Tangu Alhamisi?' Nikasema ndiyo. Akaendelea kufunga mifuko yake. Juzi amenunua friji dogo la mtumba. Amemwita fundi wa mtaa wa pili akaligusa. Andika hivyo."