Jina la Tatu la Morsago

Ortensia alikuwa amechoshwa na ndugu zake, na Morsago nzima, kijiji kidogo kando ya ziwa, ilikuwa ndugu zake. Hapo ndipo taabu ilipoanzia. Sheria ilitaka baraza la kijiji liwe na watu watatu wasiohusiana: wasiwe mke na mume, wasiwe ndugu, wasiwe mashemeji, wala wasiwe watu wanaoishi nyumba moja bila ndoa. Majina yalitakiwa ofisini kabla ya saa kumi na mbili jioni ile. Yakipungua, Morsago ingemezwa na mji wa ng'ambo ya ziwa. Yeye alikuwa na mawili: lake mwenyewe, maana alikuwa meya tangu nywele zake zikiwa nyeusi, na la Adelmo mwoka mikate.

Watatu tu, jamani! Kijiji hiki kilipeleka waashi hadi Urusi wakajenge makasri, wanawake wakabaki wakipiga makasia kwenda sokoni na kulea watoto chungu nzima. Baadaye watu wakahamia Amerika, wakasahau njia ya kurudi. Nyumba zao sasa zimenunuliwa na watu wa Zurich, ambao huja Agosti, huilalamikia kengele ya kanisa, kisha hufunga madirisha na kwenda zao. Wakazi wenyewe hawafiki arobaini, na nusu yao hawakumbuki walichokula asubuhi.

"Battista je?" aliuliza Zita, mke wa Adelmo, pale kwenye duka lao la mikate, akipukuta unga mikononi.

"Shemeji yangu."

"Basi Fedele. Mama yake alikuja naye hapa akiwa mchanga. Hana undugu na mtu."

Ortensia akamgeuzia mgongo.

"Usininunie, shoga! Najua amekuchumbia. Kijiji kizima kinajua. Si mngoje baraza limalize muda wake? Miaka minne tu!"

"Tu? Ingekuwa Adelmo wako ungesema 'tu'?"

"Adelmo? Mchukue leo!"

Ortensia akatoka akiubamiza mlango. Alimkuta Fedele mbele ya nyumba yake, akipara samaki. Akamweleza yote kwa mkupuo mmoja, maana angepumzika angeshindwa kuendelea.

"Nina sabini na moja, Tensia," Fedele alisema.

"Najua umri wako."

"Ungeujua usingeniomba hivyo."

Hata hivyo alifuta mikono, akachukua karatasi, akatia saini.

"Mbona hukatai, punda wewe?" Ortensia alifoka.

"Hujawahi kuniomba kitu hata siku moja. Nitaanzaje kukukatalia?"

Ortensia alishuka hadi ofisini akiwalaani wote: waliotunga sheria, waashi, Amerika, Zurich, na Fedele kwa upole wake. Karani alikuwa bado ndani. Zilibaki hatua chache tu kufika mlangoni, lakini Ortensia aliketi kwenye benchi la nje, karatasi ikiwa mfukoni. Alikitazama kijiji chake, nyumba baada ya nyumba, madirisha yamefungwa. Alikuwa amekipa kila kitu, nacho kilikuwa bado kinadai. Kengele ikagonga saa kumi na mbili. Hakuinuka.

"Bi Meya, umechelewa," karani alisema akitoa funguo.

"Najua. Funga."

Alilia pale pale bila kujificha, kama mtu aliyefiwa, kwa kuwa kweli alikuwa amefiwa. Zita, aliyekuwa akichungulia dirishani, alipiga kelele hadi ziwani: "Umetuuza, Ortensia! Umewauza babu zako kwa ajili ya mwanamume!"

"Mpe Adelmo talaka uje ugombee wewe!" Ortensia alimjibu, kamasi zikimtoka.

Kisha akapanda kwa Fedele. Alimkuta akikoroga polenta, ule ugali wa mahindi wa kwao, akamwekea ile karatasi juu ya meza.

"Itie kwenye jiko. Na usithubutu kuniuliza kama nimefurahi."

Fedele hakuuliza. Alimvutia kiti, akaongeza sahani ya pili.