Mayai Tisa Yenye Alama

Kizota nzima imeshanicheka, kwa hiyo ninyi nanyi jisikieni huru.

Shirika liliponipunguza kazi nilifuga kuku Majengo, na kusema kweli nilikuwa bingwa. Kwa sifa hiyo Dokta Salma akaniajiri kwenye banda lake, anakozalisha wale kobe bapa wa majabali, wanaokwisha porini kwa kuuzwa nje.

Akasafiri wiki mbili. "Mzee Chilewa, mayai haya ndiyo tegemeo letu la mwaka mzima," aliniambia.

Nikafungua boksi la mchanga. Mayai tisa, kila moja lina alama ya penseli upande wa juu. Nikatabasamu. Mfugaji yeyote wa kuku anaijua alama hiyo: mayai yasiyo na mama wa kuyalalia hugeuzwa kwa mkono, na alama inakuonyesha lipi umeshaligeuza. Nikayageuza kila asubuhi na kila jioni, kwa heshima, kama mtu anayebembeleza wajukuu.

Dokta alirudi mchana mmoja akiwa na wageni. Nikajisogeza mbele, koti limepigwa pasi.

"Sikuruka hata siku moja, Dokta."

"Kufanya nini?"

"Kuyageuza."

Akafunua boksi. Hapakuonekana alama hata moja.

"Mzee Chilewa," alisema taratibu, "yai la kobe likigeuzwa, kitoto kinakufa humo ndani. Niliweka alama ili upande huo ubaki juu."

Mwenye akili angenyamaza hapo.

"Subiri jioni, Dokta," nikamwambia. "Zote zitarudi juu."