Mama Alipochukua Usukani

Mwezi uliopita nilinunua gari. Ni dogo, rangi ya fedha, na limetumiwa na wengine kabla yangu, lakini ni langu. Jumamosi ya kwanza niliyopata nafasi nililitoa Bukoba asubuhi nikaelekea Muleba kumwonyesha mama. Sikufichi, rafiki yangu: nilipofika Kemondo na kuona ziwa linang'aa upande wa kushoto, nilianza kuimba peke yangu mle ndani kama mwehu.

Mama alilizunguka gari lote. Aligusa tairi moja kwa ncha ya kandambili, akafungua mlango wa dereva, akainama kutazama chini ya usukani.

"Klachi iko wapi?"

"Halina, mama. Ni otomatiki."

Alicheka hadi akashika mlango. "Basi hili linajiendesha lenyewe. Wewe ni abiria tu."

Alikwenda zake jikoni akiendelea kucheka, nami nikabaki uani nimesimama, nikiukumbuka mwaka ule ambao mama yangu alijifunza kuendesha gari.

Nyumbani kwetu ni kilimani, ukitoka Muleba kuelekea Rubya, ndani kabisa ya migomba. Baba alikuwa na pikapu ya bluu. Ilinuka kahawa kavu, petroli na mikeka, na viti vyake vilikuwa vimechanika vikashonwa kwa uzi wa magunia. Ilibeba kahawa ya majirani kwenda chama cha ushirika, ilibeba maharusi, na mara nyingi zaidi ilibeba wagonjwa kwenda hospitali ya Rubya. Baba alipokuwa akirudi, mngurumo wake tuliusikia tangu bondeni, na mama alikuwa na muda wa kutosha kupakua ebitoke, ndizi zetu za kupika, zikiwa bado zinafuka moshi ndani ya majani ya mgomba.

Baba alifariki nikiwa darasa la nne. Aliugua kwa muda mfupi tu. Matanga yalipokwisha na watu kurudi makwao, pikapu ilibaki kwenye kibanda cha mabati pembeni mwa kibanja, shamba letu la migomba, na kuku wakaanza kutaga nyuma yake kana kwamba walikuwa wakiingoja. Nami nilikuwa na tabia yangu. Nikitoka shule naingia ndani yake, nafunga mlango, nakaa kwenye kiti cha baba. Sikuwa nachezea kitu. Nilikuwa nakaa tu.

Siku moja mvua ikinyesha, mama alinikuta humo. Nilidhani atanifokea. Aliniambia, "Sogea kidogo," akaingia, akakaa kwenye kile kiti, nami nikasogea upande wa abiria. Tulisikiliza mvua ikipiga mabati. Baada ya muda aliinua mikono yake, iliyokuwa bado na utomvu mweusi wa ndizi, akaiweka kwenye usukani.

Haikupita wiki, baba mdogo akaja kutoka Bukoba, alikokuwa akifanya kazi. Hakuwa mtu mbaya, na usimfikirie hivyo. Alimpenda kaka yake sana, na aliona uchungu kuikuta pikapu imejaa mayai.

"Shemeji," alisema, "gari likikaa bila kutembea linakufa. Na hapa hakuna dereva. Nitakuja kulichukua wakati wa senene."

Mama alikuwa anamenya ndizi. Kisu hakikusimama. "Na dereva akipatikana?"

"Akipatikana, basi libaki," baba mdogo alisema, akacheka, maana alijua pale pana mjane, mtoto wa kike, na bibi, yaani mama yake mzazi, aliyeishi nyumba ya jirani. Bibi alikuwepo mlangoni siku hiyo, anatafuna kahawa yake ya kukaushwa, akisikiliza. Usiku nilimsikia mama akigeuka-geuka kitandani.

Kesho yake alikata mkungu mzuri wa ndizi, akaubeba kichwani hadi kwa jirani yetu wa ng'ambo ya kijito. Yule mzee alikuwa dereva wa misheni miaka mingi, tangu Kashozi hadi Rubya, mpaka macho yalipomwishia nguvu. Mama alipiga magoti kumsalimu kama desturi yetu inavyotaka.

"Mzee, waitu," alisema, kwa neno letu la heshima, "nimekuja unifundishe kuendesha."

Mzee aliuangalia ule mkungu kwa muda, kisha akamwangalia mama. "Inuka," alisema. "Kwanza watoe kuku."

Tulijifunzia kwenye uwanja wa mpira wa shule, jioni, wanafunzi wakishaondoka. Nasema tulijifunzia kwa sababu nilikuwa nyuma, nimeshika vyuma, na kila gari liliporuka kama mbuzi nami niliruka nalo. Lilizimika. Likawashwa, likazimika tena. Wanawake waliotoka kuchota maji walitua ndoo zao chini wakatazama. Mmoja aliuliza kwa sauti kama mama ameishiwa na kazi shambani, na wenzake wakacheka. Mama alitazama mbele.

Mzee hakupandisha sauti hata mara moja. "Mwanangu," alimwambia, "umewahi kumtua mtoto aliyesinzia mgongoni?"

"Mara nyingi."

"Unamtuaje?"

"Polepole, asishtuke."

"Basi hiyo klachi iachie hivyo hivyo."

Mama alivuta pumzi, na pikapu ikaondoka kimya, laini, ikauzunguka uwanja mzima. Wale wanawake walipiga vigelegele, hata yule mwenye swali. Niliona mabega ya mama yanatikisika, na kwa kuwa nilikuwa nyuma yake sikujua anacheka au analia.

Mahindi yalipokuwa yanabeba alikwenda Bukoba kufanya mtihani wa leseni. Alirudi nayo ameifunga kwenye pindo la kitenge. Nyumbani hatukuitangaza habari hiyo. Lakini bibi alikuwa na masikio.

Senene, wale panzi wetu wa kuliwa, walianguka. Wewe kama umekulia kwetu unaijua ile asubuhi: nyumba zote zinanuka senene wa kukaanga, watoto wana mabawa kwenye nywele, na watu wazima wanasahau ugomvi wao kwa siku moja au mbili. Ndipo baba mdogo alipofika, amevaa viatu vya mjini, ana dumu la petroli mkononi. Mama alimkaribisha, akampa senene kwenye sahani, akakaa chini kwenye mkeka. Niliona vidole vyake vinakunja na kukunjua pindo la kitenge lenye leseni, bila kulifungua.

Bibi akatoka kwake. Alikuwa amevaa nguo zake za misa ya Jumapili, na haikuwa Jumapili. Alitembea akichechemea hadi kwenye kibanda, akafungua mlango wa pikapu, akakaa mbele.

"Mguu unaniuma," alisema. "Mkwe wangu, nipeleke Rubya."

Baba mdogo alisimama haraka. "Mama, ngoja nikupeleke mimi."

"Nimemwita nani?" bibi aliuliza. "Wewe panda nyuma na mtoto."

Basi akapanda, na viatu vyake vile. Mama alifunga kitenge vizuri, akaingia, akawasha. Baba mdogo alinitazama kama anayeuliza kinachoendelea, nami nikatazama migomba.

Barabara ilikuwa ya udongo mwekundu, na mvua ya usiku ilikuwa imeifanya utelezi. Tulikwenda vizuri hadi kwenye mlima wa mwisho kabla ya Rubya. Katikati ya mlima gari lilizimika. Tukaanza kurudi nyuma, kidogo tu, lakini nyuma yetu palikuwa na bonde. Baba mdogo alipiga paa kwa kiganja. "Shemeji! Shuka niendeshe mimi!"

Kupitia kidirisha cha nyuma nilimwona mama amevuta hendibreki kwa nguvu zake zote. Gari likatulia. Aliinamisha kichwa. Nikaona mkono wa bibi, mkono uliokauka kama gamba la mgomba, unatoka polepole na kutua juu ya goti la mama. Basi. Mama akawasha tena, na nilijua hasa wakati alipoanza kuachia klachi, kwa sababu alifanya polepole sana, kama mtu aliyebeba usingizi wa mwingine. Matairi yakakwaruza, yakashika, tukapanda.

Baba mdogo alikaa chini. Lakini tulipofika juu na kuanza kupita watu njiani, waliosimama vinywa wazi, aliinuka akashika vyuma na kuanza kupunga mkono. "Ni shemeji yangu huyo!" aliwapigia kelele. "Mke wa kaka yangu!"

Hospitalini bibi alipewa dawa ya kuchua. Alipotoka alitembea kwenda kwenye gari kwa haraka kuliko sisi sote, na mpaka leo sina hakika kama mguu ule uliwahi kuuma. Baba mdogo alikuwa ameinama nyuma ya pikapu, anakwangua tope kwa kijiti.

"Tairi hili limekwisha, shemeji," alisema bila kuinua uso. "Nitakutafutia jingine mjini."

Pikapu ilibaki.

Mama aliiendesha hadi nilipomaliza sekondari, na hata baadaye. Siku moja injini ilikataa kabisa, na ikauzwa kwa mtu aliyetaka mabati na vyuma vyake. Mzee wa misheni amelala makaburini, bibi naye. Ule mlima wa mwisho umechongwa na hautishi mtu tena. Na watu waliokuwa wakitoka nje kuona ni nani anapita hawatoki siku hizi, kwa kuwa magari ni mengi na yote yana sauti moja.

Jumamosi ile, baada ya chakula, nilimpandisha mama kwenye gari langu tukaenda matembezi. Alikaa wima, mikono mapajani, anatazama kila upande. Tulipokaribia nyumba moja yenye migomba iliyosongwa na magugu, alinigusa mkono.

"Piga honi hapo. Mama wa hapo nilimpeleka Rubya usiku, akajifungulia njiani, ndani ya pikapu yangu. Kila nikipita nilikuwa nampigia, anatoka kunipungia na kile kitoto."

Nilitazama. Mlango ulikuwa na kufuli, na nyasi zilikuwa zimefika madirishani.

"Hakuna mtu, mama."

"Najua. Walihamia Mwanza." Alikuwa ameshateremsha kioo, na mkono wake ulikuwa nje, tayari. "Wewe piga tu."

Nikapiga.