Gunia la Baba Kwenye Mtambo wa Wote

Baba yangu alikuwa na mashine ya mkono ya kumenyea kahawa. Ilikuwa na kutu, kelele na kiburi, na ukiacha kutu, vingine vyote hata mwenyewe alikuwa navyo vya kutosha. Kila msimu tuliizungusha nyuma ya nyumba, huku Mbozi, naye akitangaza kwamba wilaya nzima hakuna kahawa inayoifikia yetu. Mama alikaa kushoto kwake na ungo, akichambua. Baba alimsogezea kikapu kwa mguu, bila kumtazama, kisha akaendelea kujisifu.

Mama alipofariki, kahawa nayo ikaharibika. Msimu uliofuata ilitoka nusu imemenyeka, nusu imepondeka, na ilipokauka ilinuka soksi. Baba alilaumu mvua. Mimi nililaumu mashine, kwa sababu kumlaumu yeye kulihitaji moyo ambao sikuwa nao.

Wakati huo kikundi chetu kilishajenga mtambo wa pamoja kando ya mto. Unapeleka kahawa siku ileile uliyochuma, inamenywa, inavundikwa kwenye tangi, inaoshwa na kuanikwa vichanjani, yako ikiwa imechanganyika na ya kila mtu. Kwa hiyo mbichi haipokelewi, maana gunia moja baya linaharibu kazi ya wote. Nilimbembeleza baba wiki nzima.

"Kahawa yangu ikalale tangi moja na ya yule jirani anayeoga Krismasi?" aliuliza.

Mwishowe alikubali, ili ninyamaze. Nilikuwa mjumbe wa kamati, na ndimi niliyekuwa nikiwahubiria wenzangu habari ya kuchuma mbivu tupu. Heshima yangu ilipanda pikipiki pamoja na lile gunia.

Pale mtamboni, kabla ya mizani, kila mtu humwaga kahawa yake juu ya turubai, foleni nzima ikitazama. Baba akamwaga. Zilitoka nyekundu, za kijani, majani, na kijiti cha kutosha kuchokonolea meno ya ng'ombe.

"Shikamoo baba," alisema dada wa mapokezi, kwa upole wa kuudhi. "Naomba utoe za kijani, halafu tupime."

Baba akapiga magoti. Akatoa nyekundu, akaiweka kando. Akatoa ya kijani, akaiweka palepale. Akatoa nyekundu mbili tena. Watu wakaanza kucheka.

"Mzee anatoa mbivu, anatuachia mbichi," alisema mama mmoja nyuma yetu. "Huu ushirika una kazi."

Masikio yaliniwaka moto. "Baba, acha utani, watu wanasubiri. Huoni hii nyekundu, hii kijani?"

Alizichukua zote mbili, akazigeuza juani.

"Nasikia mnavyosema," alijibu. "Mimi sijawahi kuona tofauti yake."

Kicheko kikakatika. Akaiminya moja kwa kidole gumba. "Iliyoiva inabonyea kidogo. Zamani vidole vilikuwa vinaniambia. Siku hizi vina ganzi."

"Na miaka yote ile?"

"Za kijani zilizonipita, mama yako alikuwa anazitoa."

"Ulimwambia?"

"Sikumwambia. Naye hakuniuliza."

Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona tena. Nilikua nikidhani ule ungo ni kazi nyepesi aliyoachiwa mama, huku wanaume tukihangaika na mashine. Kumbe sifa zote za baba zilitoka kwenye ungo. Nami nilikuwa nimemkaripia mbele ya foleni, kwa sauti ya mjumbe wa kamati.

Yule mama aliyetutania akatua gunia lake chini. "Chambueni taratibu," alisema. "Mto hauhami."

Nikapiga magoti kwenye turubai, kushoto kwa baba, nikaanza kutoa za kijani. Gunia lilikuwa bado na kahawa chini. Baba akanisogezea kwa mguu, bila kunitazama.