Kidimbwi Tulichowaazima Matumbawe

Harufu ya tope lililogeuzwa ndiyo ilikuwa kalenda yetu. Kila kiangazi, pale nyuma ya mtaa wetu wa Musonoi, Mama na wenzake walikata kijito kwa ukuta wa udongo na nyasi, kikawa kidimbwi, kisha wakaingia na mabeseni kumwaga maji upande wa pili, wakiimba nyimbo ambazo watoto hatukupaswa kuzielewa. Mimi nilizielewa zote. Maji yakifika kwenye vifundo vya miguu, tope lilianza kurukaruka: kambale! Tuliwakamata kwa mikono, na aliyechomwa na mwiba alichekwa kwanza, akafungwa kidonda baadaye. Samaki hao, wakishakaushwa kwa moshi, ndio waliotuvusha hadi mvua, maana Baba alikuwa akichimba madini kule Mutoshi na alirudi alipokumbuka.

Kiangazi nilipokuwa na miaka minane, hatukuisikia harufu ile. Kabla ukuta haujajengwa alikuja bwana mmoja wa mgodi ulio juu ya kijito, amevaa viatu vyeupe hadi nikavihurumia, amebeba picha kubwa. Matumbawe, alisema: viumbe wa baharini wanaofanana na mawe, wenye rangi kama vitenge vya sikukuu, ndio nyumba za samaki. Dunia imepata joto, bahari nayo imepata joto, matumbawe yamegeuka meupe na kufa, na samaki wamehama.

"Tata, bale samaki balikuwa banalipa kodi ya nyumba?" nikamuuliza bwana yule.

"Funga kinywa, weye mutoto!" Mama akasema, lakini mabega yake yalikuwa yanacheka.

"Ao balichimba chini ya kitanda, sawa batu ba Kasulo?"

Hata bwana alicheka, maana kila mtu alijua jinsi watu wa mtaa wa Kasulo walivyotoboa sakafu zao wakitafuta madini ya kobalti. Kisha akatoa picha ya pili. Mwanamke wa pwani, amesimama ndani ya maji, beseni tupu kiunoni. Beseni la buluu, kama la Mama. Magari ya umeme yatapunguza moshi unaoipasha dunia joto, bwana akaeleza, na betri zake zinataka kobalti yetu. Ila mvua ilikuwa imekatika mapema, na mgodi haukuwa na maji ya kuoshea mawe. Je, kina mama wangewaachia kijito, wavute maji yake kwa pampu?

"Kwa muda gani, tata?" Mama akauliza.

"Kiangazi hiki tu, mama. Mvua ikirudi, pompi tunaiondoa."

Wenzake walinong'ona. Mama hakuacha kulitazama lile beseni tupu. "Ule mwanamuke iko na batoto, sawa mi," akasema. "Tumusaidie."

Wakapiga makofi. Mama akamfungia bwana samaki wa mwisho aliyebaki nyumbani, akampa kwa mikono miwili.

Mvua ilirudi, fupi na yenye hasira. Pompi haikuondoka. Ikazungushiwa uzio, akawekwa mlinzi, na mlinzi hakuwahi kusikia habari za matumbawe. Mama alikwenda pale na beseni lake, akarudi nalo, akaenda tena. Bwana wa viatu vyeupe hakuonekana. Kiangazi kilichofuata kidimbwi kilipasuka kama kisigino. Tulikula bukari, ugali wetu, kwa sombe ya majani ya muhogo, kisha bukari kwa chumvi, kisha bukari kwa mizaha yangu, ambayo haishibishi.

Sasa niko sekondari, nafukuzwa darasani kwa mizaha mikubwa zaidi. Juzi mwalimu wa jiografia alitupitishia simu yake: matumbawe ya mwaka huu, meupe kama unga wa mahindi. Bahari bado ina joto. Nilitafuta neno la kuchekesha, sikulipata. Mwalimu akadhani naumwa. Miaka yote hii niliamini kwamba angalau mahali fulani kuna mtoto anayekula samaki wetu.

Nyumbani nilimkuta Mama akilisugua beseni la buluu, ambalo siku hizi tunakingia mvua, ikikubali kunyesha.

"Mama, unakumbuka ule mwanamuke wa picha?"

"Namukumbuka. Samaki yake ilirudi?"

"Hapana. Na yeye balimudanganya."

Mama akaligeuza beseni kifudifudi, akalikalia.

"Na mi nilikuwa namukasirikia," akasema. "Kumbe tuko babili."