Waridi za Nta za Shangazi Ocie

Lenna Cutshall nimemjua tangu akiwa mtoto wa kubebwa. Kwetu Bonde la Hemlock, milimani Karolina Kaskazini, nyimbo za kale haziandikwi. Mababu walivuka nazo bahari kutoka Uskoti na Ayalandi, na tangu hapo zinapita mdomo kwa sikio, watu wawili wamekaa magoti yakigusana, bila ala yoyote. Lenna alizipata kwa bibi yake, Delphia, wakichambua maharage mabichi barazani. Kwa baba yake alipata gitaa, na nyimbo za reli na za machimbo ya makaa, zilizozaliwa hapa hapa Marekani. Alipokua akazichanganya: mahadhi ya bibi, gitaa la baba, na maneno ya kutunga mwenyewe. Tulimwombea kanisani. Sauti ile kapewa na Mungu, hilo sikatai hata leo.

Wimbo mmoja tu hakuupata. Ni wa mama anayemwita mwanawe aliyezama, una beti kumi na moja, na Delphia alikufa kabla hajampa. Aliyebaki nao ni Shangazi Ocie peke yake, dada wa baba yake Lenna. Miaka mitatu Lenna aliuomba. Alikuwa anatengeneza santuri, na kote mjini alishatangaza kwamba wimbo huo ndio utakaoifungua. Mwishowe Ocie akalegea.

"Njoo siku ya makaburi," alimwambia. "Tukishakula, tutakaa, nitakupa."

Siku ya makaburi ni Jumapili moja ya mwezi wa tano. Jumamosi yake tunafyeka, tunarundika udongo upya juu ya makaburi, na kila nyumba inawawekea maua watu wake. Ua likishakaa juu ya kaburi haliguswi mpaka mvua ilimalize. Hata mtoto wa miaka minne analijua hilo.

Lenna alikuja na bwana mmoja wa mjini, Preston, mwenye kamera. Sisi tukiwa kanisani tunasali, wao walikuwa makaburini. Tulipotoka na vyungu vyetu vya chakula kwenda kwenye meza zilizopangwa kando ya makaburi, niliona kaburi la Delphia limejaa maua mpaka jiwe halionekani, na Lenna kakaa kando yake na gitaa. Nikasema moyoni, lo, kampendezesha bibi yake. Halafu nikatazama makaburi mengine. Safu tatu nzima zilikuwa tupu, udongo umebaki na vitundu mahali vijiti vilipong'olewa.

Na kule mwisho, kaburi la mtoto wa Ocie. Aliishi siku mbili, zaidi ya miaka hamsini iliyopita. Kila mwaka mama yake humtengenezea waridi saba za karatasi nyeupe, anazichovya kwenye nta ili zistahimili umande. Zote saba zilikuwa kwa Delphia. Moja imekanyagwa, ina alama ya soli ya kiatu.

Nikaweka chini sahani ya kuku niliyoishika.

"Nani kashika maua ya mwanangu?" Ocie aliuliza, hata sauti hakupandisha.

Preston akacheka. "Mama, ni ya picha tu hayo. Yalikuwa yametawanyika mno, kamera haioni kitu."

"Sijakuuliza wewe. Lenna, ulikuwapo?"

"Nilikuwapo, Shangazi."

"Ulimwona?"

Lenna akainamisha kichwa. "Nilimwona. Nikasema ni dakika chache tu, nyinyi mko kanisani, hamtajua."

Hamtajua! Neno hilo lilinitia kinyaa kuliko kile kiatu. Mtoto tuliyemlea!

"Rudisha," Ocie akasema. "Moja moja. Na huyo bwana asiguse hata jani."

Kumbe Lenna hakujua lipi ni la nani. Ikabidi apite mezani, ua mkononi, akiuliza kama mgeni.

"Dada Verla, hili ni la nani?"

"La mume wangu. Umekula mkate kwake miaka kumi, leo humjui?"

Burgin, mfyekaji wa makaburi, alikuwa anatafuna tumbaku, kopo lake la kutemea liko pembeni ya bakuli la maharage. "Lete hapa, mwimbaji," akaita. "La njano la mama yangu. La buluu la mjomba, na ukilikosea atakuja kukuvuta miguu. Mbona huna gitaa? Ungetupigia kidogo huku unapita!"

Watu wakacheka. Mimi sikuweza. Lenna alikuwa analia, na Preston, Mungu anisamehe nikimkumbuka, akamwelekezea kamera usoni.

"Usifute machozi," akamwambia. "Mazuri hayo."

"Nenda kanisubiri barabarani," Lenna akamjibu. Akaenda, paja la kuku mkononi.

Chakula kilipoa kabla kazi haijaisha. Ile waridi iliyokanyagwa Lenna aliinyoosha kwa vidole, lakini alama haikutoka. Kisha akapiga magoti mbele ya Ocie.

"Shangazi, nimemaliza."

"Nimeona."

"Na wimbo?"

Yaani hapo hapo! Udongo wa makaburi bado uko kuchani. Niligeuza uso.

Ocie akaigeukia meza. Kisha akaita, "Burgin, njoo ukae hapa."

"Mimi? Shangazi, mimi naimba kama mbuzi aliyebanwa na mlango."

"Najua. Kaa."

Magoti yao yakagusana. Sisi tukasogea mbali, kama ilivyo desturi, Lenna pamoja nasi. Mchana wote Ocie alimwimbia Burgin sikioni, naye akirudia, mpaka beti kumi na moja zikamwingia. Ocie alipoinuka akamwambia Lenna, "Ukiutaka, uko kwa Burgin."

Santuri ilitoka bila ule wimbo. Ocie tulimzika Oktoba, kando ya mwanawe.

Sasa kila Alhamisi Lenna huja kwa Burgin. Wanakaa barazani, na kopo liko kati ya miguu yao. Burgin hakubali kutoa tumbaku mdomoni. Anaimba mstari, anatema. Anaimba mwingine, anatema. Maji ya kahawia yanamchuruzika kidevuni, mengine yanaruka kwenye sketi ya Lenna. Mimi huwapelekea mkate wa mahindi, nikauacha langoni, siwezi kukaa nikatazama. Lenna nimemsamehe, maana nimeamriwa kusamehe, ila tumbo langu bado halijakubali.

Alhamisi iliyopita, nikiwa langoni, walifika ubeti wa nne. Burgin akasahau mstari mmoja, akasafisha koo.

"Tuanze tena," akamwambia. "Kuanzia wa kwanza."

Lenna akasogeza magoti yake karibu, akaanza.